Siku moja maishani mwangu: keki ndogo za chokoleti na nazi, Tandika

Saa 10:30 alfajiri. Watu wakisikia naoka, wanadhani siku inaanza kwa kuwasha oveni. Inaanza kwenye mbuzi. Leo nina oda ya dazeni nne: mama mmoja wa Chang'ombe anamtoa mtoto arobaini, wageni wake wanaingia saa 9 alasiri. Nazi nimezichukua jana jioni sokoni. Muuzaji anazitoa Mkuranga na tunaitana shemeji, ila kunichagulia simruhusu. Kila nazi naitikisa sikioni. Ikilia maji, inaingia kapuni. Ikiwa kimya, mara nyingi ina ufa na ndani imeshachacha. Koroma nalo silitaki, tui lake ni maji matupu.

Nazi mbili za kwanza nazikuna taratibu, naishia kwenye weupe tu, kwa sababu hizo ni za kupambia. Zilizobaki hata zikiingia kahawia ya karibu na kifuu, ndani ya chokoleti nani ataiona?

Saa 12 asubuhi. Tui. Kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, nakamua kwa kitambaa mpaka viganja viume, napata kasimile, lile tui zito la kwanza, naitia friji. Mkamuo wa pili ndio wa kukandia. Halafu chicha, ambayo wengi wanaitupa. Mimi naitandaza kwenye trei, oveni nyuzi 120, nageuzageuza mpaka ikauke na kuanza kunukia, kisha naisaga kwenye blenda. Ladha ya nazi inayobaki mdomoni baada ya chokoleti kupita inatoka humo, kuliko hata kwenye tui. Jirani anaipenda kwa kuku wake. Siku za oda kuku wanakula pumba.

Saa 2. Watoto shule, chai ya haraka.

Saa 2:30. Nachanganya dazeni mbili kwa mara moja, maana rojo lenye magadi soda halisubiri foleni ya oveni. Kwa kila mkupuo: unga kikombe kimoja na nusu, chicha iliyosagwa nusu kikombe, kokoa robo tatu kikombe, sukari kikombe kimoja na nusu, magadi soda na baking powder kijiko kimoja cha chai kila kimoja, chumvi kidogo, mayai mawili, mafuta nusu kikombe, tui kikombe kimoja lenye kijiko cha ndimu, na iliki. Kokoa naikoroga kwanza na kikombe cha maji yaliyochemka. Ukiitia kavu, rangi unapata, harufu inabaki imelala. Na natumia mafuta, si siagi, kwa sababu keki ya mafuta inabaki laini hata ikilala kwenye friji.

Kokoa yenyewe inaniuma. Kokoa nyingi ya nchi hii inalimwa Kyela, inasafirishwa nje ikiwa mbegu, halafu naikuta Kariakoo kwenye kopo lenye maandishi ya ng'ambo. Mwaka 2024, mavuno yalipoharibika Ghana na Ivory Coast, bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na kopo langu likapanda nayo. Mteja haelewi hayo. Anachojua ni bei ya mwaka juzi.

Saa 3. Nyuzi 175, vikaratasi vimejazwa theluthi mbili tu. Dakika 15 za mwanzo mlango haufunguliwi hata akija nani. Kwenye dakika ya 20 nachoma njiti, ikitoka na chembe mbili tatu zenye unyevu, natoa. Ikitoka kavu kabisa, keki imeshapitiliza.

Saa 5. Umeme umekatika. Oveni yangu ni ya gesi, hainishtui, ila kasimile iko kwenye friji na ikilegea krimu haishiki. Nimemtuma binti wa jirani barafu za shilingi elfu mbili, bakuli likakaa kati ya barafu kwenye deli. Umeme umerudi nikiwa nimeshamaliza.

Saa 6. Krimu ya siagi kwa joto la Dar ni kujitafutia kesi. Siagi inaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 32, na mchana wa Februari ndio huo huo. Kwa hiyo nayeyusha chokoleti nyeusi, sehemu mbili kwa sehemu moja ya kasimile, naiacha ipoe mpaka kijiko kikipita kinaacha mfereji. Ndipo naijaza kwenye mfuko wa kupambia. Juu, ule weupe wa alfajiri: nusu mbichi, nusu nimeukaanga kwenye kikaango kikavu hadi ukawa rangi ya dhahabu.

Saa 8. Bajaji, kamwe si bodaboda. "Dada, leo mayai au keki?" "Keki, kaka. Kwenye matuta nionee huruma." Maboksi yapo mapajani mwangu mpaka Chang'ombe. Mama wa mtoto kafungua moja, kaangalia, kaita shangazi zake waje kuona. Hela imeingia kwenye simu kabla sijatoka getini.

Saa 1 usiku. Natoa masufuria yaliyolowekwa. Simu: mteja mpya anauliza bei ya dazeni. Nimemtajia. "Mbona dukani nusu ya hiyo?" Nimemwambia akanunue dukani, na kwamba Jumamosi nafasi zimebaki mbili. Kaandika, "Niwekee moja."