Mfalme wa miaka 12
Wazazi wenzangu, watafutieni watoto hadithi za kuchagua njia: ukitaka kuingia pangoni nenda ukurasa huu, ukitaka kukimbia nenda ule. Binti yangu amenogewa na moja ya Wamaya wa kale, watu wa Mexico na Amerika ya Kati. Jana alifika kwenye uwanja wa mpira wa Chichén Itzá, mji wao mmoja. Mpira mzito wa utomvu, unapigwa kwa nyonga! Hakugeuza ukurasa mpaka alipojaribu na mto sebuleni. Kilichomgusa zaidi ni Pakal, aliyetawazwa katika mji wao wa Palenque mwaka 615 akiwa na miaka 12. “Mama, kama mimi?” Kaburi lake lilifunguliwa 1952, baada ya kuondolewa vifusi vilivyojaza ngazi ndani ya hekalu. Sasa binti yangu anatunga hadithi yake mwenyewe. Anayejua hadithi za namna hii kwa Kiswahili anielekeze, tafadhali.