Pale Sakafu Ilipotitia Chini ya Zulia

Kwa karibu mwaka mzima palikuwa na mahali katika ukumbi wetu wa vyumba vya kulala, hatua mbili kutoka mlango wa bafu, ambapo mguu ulizama kidogo kila ulipokanyaga. Zulia letu ni nene na limetandikwa ukuta hadi ukuta, kwa hiyo hapakuwa na ufa wala doa la kumshtua mtu. Kilichokuwapo ni ulegevu tu, ambao tuliuzoea hata tukawa tunauruka bila kufikiri. Wakati huohuo mlango wa bafu ulianza kukwama kwenye pembe ya juu, nami nikaung'oa, nikaupiga randa, nikaurudisha. Sikuyahusisha mambo hayo mawili.

Jaribio langu la kwanza la kuitengeneza sakafu lilikuwa la kivivu. Niliamini kwamba sponji iliyo chini ya zulia imechoka, nikainua ukingo na kusokomeza kipande kingine. Kwa wiki mbili palionekana pamepona, kisha pakazama tena, kwa kuwa nilikuwa nimejaza shimo juu ya kitu ambacho bado kilikuwa kinashuka.

Hapo ndipo nilipoamua kupima. Nililaza ubao ulionyooka wa mita 2 juu ya zulia, nikaugeuza pande zote, nikapima uwazi uliobaki chini yake. Mahali palipozama zaidi palikuwa na milimita 14, lakini umbo la bonde lilinieleza mengi kuliko kina chake. Sakafu inapobonyea mfano wa sahani, katikati ya boriti mbili, yaani mbao nene zinazoibeba sakafu kutoka chini, mara nyingi tatizo ni ubao wa juu uliolainika. Inapozama mfano wa mfereji mrefu unaofuata mstari wa boriti, basi boriti yenyewe ndiyo ya kutiliwa shaka. Langu lilikuwa mfereji, na mwisho wake mmoja ulielekea moja kwa moja kwenye nguzo ya fremu ya mlango ule niliokuwa nimeupiga randa.

Kuinua zulia hakuhitaji kulikata. Kingo zake hushikwa na vibanzi vya mbao vyenye ncha za misumari vilivyopigiliwa kandokando ya ukuta, na ukibana nyuzi za pembeni kwa koleo na kuvuta juu taratibu, linaachia lenyewe. Glavu ni za lazima, na vidole vyangu viwili ni mashahidi. Nililikunja zulia hadi katikati ya ukumbi, na uvundo ukanipokea kabla sijaona chochote. Sponji ilikuwa imelowa, na ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa, ambao ndio uliokuwa sakafu yetu, ulikuwa umevimba kiasi kwamba bisibisi ilizama bila kusukumwa. Ubao wa aina hiyo ukishavimba haurudi kuwa imara hata ukikauka, kwa hiyo hapakuwa na la kuokoa.

Nilizima umeme wa sehemu ile, nikafunga maji, kisha nikarekebisha kina cha msumeno kilingane na unene wa ubao, yaani milimita 18, kwa sababu nyaya na mabomba huweza kuwa yamepita papo hapo chini yake. Nilikata juu ya katikati ya boriti za pembeni, ili ubao mpya na wa zamani vyote vipate pa kukalia.

Chini yake niliona kilichotusumbua mwaka mzima. Boriti yenye kimo cha milimita 200 ilikuwa imechongwa pengo la milimita 50 upande wa juu, karibu na katikati ya urefu wake, ili bomba la bafuni lipite; na kiungo cha bomba hilo kilikuwa kinatiririsha jasho la maji. Robo ya kimo inaonekana kidogo, lakini ukakamavu wa boriti hufuata kimo kikizidishwa kwa kimo na tena kwa kimo, kwa hiyo pale penye pengo palibaki asilimia 42 tu ya ukakamavu huo. Lau fundi yule angetoboa tundu katikati ya kimo, madhara yangekuwa madogo sana, kwani sehemu ya juu ya boriti ndiyo inayobanwa na ya chini ndiyo inayovutwa, ilhali ya katikati haina mzigo mkubwa. Simlaumu sana, alikuwa na bomba mkononi, na pengine haraka.

Fundi bomba aliliondoa bomba linalovuja, nami nikaacha pakauke hadi kipima unyevu kikaonyesha chini ya asilimia 20, kiwango ambacho kuvu waozeshao mbao hawastawi. Kisha niliweka jeki chini ya boriti, juu ya kipande kipana cha mbao kilicholazwa ardhini, nikaipandisha milimita 3 kwa siku. Siku tano zilinichosha kuliko kazi yote iliyobaki, lakini nyumba iliyoshuka polepole ikiinuliwa kwa pupa hupasua plasta. Boriti iliponyooka niliifungia ubavuni mbao mpya ya kimo kilekile, kwa gundi na bolti, ikivuka pengo kwa zaidi ya mita moja kila upande. Jeki ilipotolewa boriti ilirudi chini milimita moja, nikairidhia. Bomba jipya la plastiki likapitishwa kwenye tundu lililotobolewa katikati ya kimo.

Plaiwudi, ubao mpya wa sakafu, niliilaza nyuzi zake zikikingama na boriti, nikaacha nafasi ya milimita 3 kwenye maungio, nikaipaka gundi chini ili isije ikalia, kisha nikaikaza kwa skrubu kila milimita 150 pembezoni. Sponji mpya ikafuata, na zulia likanyoshwa kwa kile kifaa kinachosukumwa kwa goti hadi likang'ata vibanzi vyake.

Sakafu sasa ni imara. Mlango wa bafu, ambao fremu yake imerudi mahali pake, una mwanya juu unaopitisha mwanga usiku kucha, nami natafuta kibanzi cha kuuziba.