Senchuri ya mia ilinipita nikiwa kwenye foleni ya barafu

Ilikuwa Ijumaa, 16 Machi 2012. Siwezi kusahau manake Ijumaa pale Mtaa wa Biashara tulikuwa twafunga saa sita na nusu twende tukaswali halafu twafungua saa nane kasoro robo, kwa hivo mechi ikiwa mchana kuna shimo hapo katikati, wabaki kumuomba Mungu tu usikose jambo. Na mimi wala sikulikosa kwa sababu ya swala. Nililikosa kwa sababu ya mdomo wangu.

Nlikuwa nauza leso. Bosi wetu alikuwa Mhindi wa Kikachi, mtu wa Mombasa haswa, babu yake alikuja na jahazi, Kiswahili chake kitamu kuliko changu mimi niliyezaliwa Kibokoni. Sote tulimwita Bhai, wateja pia. Juu ya rafu, katikati ya madoti ya leso, alikuwa na tivi ya kichogo na dishi lake huko juu ya paa, na hio tivi haikuwekwa kwa ajili ya wateja, usidanganyike, iliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, Sachin Tendulkar, yule mpigaji kriketi wa India.

Watu huniuliza kriketi imenipata wapi mimi Mswahili. Imenipata Makadara, tukicheza na kipande cha upongoo wa kuti na mpira wa tenisi uliokwisha manyoya, vijiti vyetu ni kreti ya soda, mpira ukiingia uani kwa watu basi mchezo umekwisha na kofi juu. 1996 nlikuwa na miaka kumi, Kenya yaenda Kombe la Dunia mara ya kwanza, mechi ya kwanza kabisa ni na India, huko Cuttack, tukapiga mikimbio 199, hizo ndo alama za kriketi, na mimi kwa akili zangu za kitoto nkajua hapo tumeshinda, 199 si mchezo. Akaja jamaa mmoja mfupi, ndie huyo Tendulkar, akapiga 127 na hakutoka. Nlimchukia kama siku mbili hivi. Halafu nkaanza kumuiga anavyosimama. Hata tulipowatoa West Indies kwa 93 siku chache baadaye, West Indies yenye Brian Lara, nlishangilia kama kila mtu lakini Makadara jioni nikishika upongoo wangu nilisimama kama yule mfupi wa India. 1999 akatupiga tena, Bristol, 140 bila kutoka, na alikuwa ametoka kumzika babake juzi juzi tu, alipofika mia akainua uso juu akatazama mbingu. Yani mtu atupiga sisi, na mimi ndo nafuta machozi.

Kenya yetu nyinyi mwajua ilivyokwenda. Nusu fainali 2003, nchi nzima yacheza ngoma, halafu ikawa kama nyumba isiyokuwa na mwenyewe, mpaka 2011 pale Chennai New Zealand wakatutoa sote kwa 69, mechi sita tukacheza na sita tukapoteza. Kwa hivo wakati naanza kazi kwa Bhai nlikuwa nimebakiwa na mchezaji mmoja wa kumtazama duniani, na yeye naye akaanza kunichosha.

Ilianza na hio mia. Tendulkar alipiga senchuri yake ya 99, yani mikimbio mia au zaidi kabla hajatolewa, pale Nagpur, 12 Machi 2011, dhidi ya Afrika Kusini, ukijumlisha za mechi za siku tano na za siku moja. Dunia nzima ikakaa kungoja ya 100. Bhai akachukua kifuniko cha katoni ya leso, akakitundika karibu na kalkuleta, kila mara akicheza aandika tarehe na mikimbio. Tukadhani ni mambo ya wiki mbili. Ikapita Aprili, India wakachukua Kombe la Dunia, yeye kwenye fainali 18. Ikapita Uingereza, akafika 91 pale Oval, tayari Bhai amenituma nikaulize bei ya halwa, mpira ukampiga mguuni mbele ya wiketi, vile vijiti vya nyuma yake, kwaheri. Novemba kwao Mumbai, 94, na uwanja mzima umesimama, akatoka. Melbourne 73. Sydney 80, na aliyemtoa ni Michael Clarke, ambaye si bowla, si mrusha mipira, ni kapteni wa Australia aliyejirushia tu kujaribu bahati. Kifuniko kikajaa mpaka Bhai akaanza kuandika kwa herufi ndogo.

Lakini mimi kilichoniuma si hio mia, ni jinsi alivyokuwa akicheza. Zamani mpira ukimjia alikuwa anaungoja kama mtu aliye na nafasi ya kumaliza kikombe cha kahawa kwanza, halafu ndo aupige. Sasa mpira wamfikia bado afikiria. Bowla wa kawaida kabisa wampa mpira wa kawaida kabisa na yeye auzuia, auzuia, asukuma moja, unaona kabisa ahesabu. Huko Australia India walipigwa nne bila na tukawa twaulizana dukani Tendulkar amefika ngapi, si India imefika ngapi. Na Rahul Dravid, ambaye ndie mwenzake wa miaka yote, tarehe 9 Machi akaita watu akasema basi, nimestaafu, asanteni. Siku hio nkamwambia Bhai, waona mtu muungwana? Bhai akanijibu babake yeye alikaa kwenye kiti kile pale, akanionyesha, mpaka miaka themanini, akisahau mpaka bei, na hakuna aliyemwambia nenda nyumbani. Nkamwambia lakini Bhai babako hakuwa amechukua nafasi ya mtu. Hakunijibu. Alinyamaza mpaka saa kumi.

Jumanne yake, India wakaanza Kombe la Asia huko Dhaka, India na Sri Lanka, Kohli na Gambhir wa India wote wakapiga senchuri. Tendulkar 6. Bhai akaandika sita, akaipigia mstari chini, sijui kwa nini.

Haya, Ijumaa sasa. India na Bangladesh, saa tano asubuhi kwa saa zetu. Bangladesh siku zile tuliiona timu ya kupita tu, watu watakwenda kula mia zao pale. Gambhir katoka mapema, Tendulkar na Kohli wakatulia, hamsini yake ya kwanza nisiseme uongo ilikuwa nzuri, kuna mpira mmoja aliusukuma katikati ya watu wawili mpaka nkaacha kukunja leso. Twafunga kwenda msikitini. Khutba siku hio sikumbuki ilikuwa ya nini, Mungu anisamehe.

Tumerudi, ameshapita themanini. Kohli ameenda na 66 zake, kaja Raina, na Raina apiga! Na Dhoni yuangoja nje na pedi zake miguuni. Na yule wetu? Moja. Mpira mtupu, hamna mkimbio. Mpira mtupu. Moja. Ova, zile zamu za mipira sita sita, zimebaki kumi na kitu na uwanja ule waonekana kabisa mlaini kama sakafu, hapo ndo pa kupiga ufike mia tatu na ziada, na yeye yuatembea kama mtu aliyebeba sinia la mayai.

Dukani kulikuwa na mama mmoja na bintiye, wamekuja kutafuta leso za arusi, tumemteremshia doti kama ishirini na kila moja asoma jina lake halafu akunja mdomo. Akainua macho kwenye tivi akasema, "Huyu si yule aliyekuwa akicheza mimi sijaolewa?" Nkamwambia ndie huyo huyo, ameanza 1989. Akasema, "Na hawajampata mwengine?"

Nilicheka, wallahi nilicheka mpaka nkashika kaunta, na nilipocheka nkaona uso wa Bhai umebadilika lakini mdomo wangu ushashika njia. Nkasema mama amesema kweli. Nkasema huyu hachezi na Bangladesh tena, acheza na daftari la rekodi, nkasema mtu wa miaka 38 mwili umemwambia basi na yeye ajitia kiziwi, nkasema na leo India wakipoteza itakuwa ni hizi ova hizi hapa, kumbukeni nimesema. Na mpira uliofuata akauzuia tena na mimi nkapaza sauti mbele ya wateja: "Si utoke tu!"

Duka likanyamaza. Yule binti akajifanya kusoma leso. Bhai alifungua droo polepole, akatoa noti, akaiweka kwenye kaunta bila kunitazama.

"Nenda ukalete barafu."

"Bhai, barafu si ipo..."

"Nenda ukalete barafu, babu."

Akikuita babu hivo kwa upole ujue hakuna mjadala. Nkatoka. Jua la Machi hilo Mombasa mwalijua, lami yashika ndala. Nkakata kwenda upande wa Marikiti ambako kuna mama alikuwa na friza ya barafu na maji ya ukwaju, nkakuta foleni, mbele yangu kuna mtoto ametumwa na hesabu haijui, mara ataka za kumi mara ataka za ishirini, na mimi nimesimama pale nimekasirika, najibizana na Bhai kichwani, najipangia maneno nitakayorudi kumwambia, na kumbe mbali huko chini ya hasira yote naomba, ya Rabi asitoke, asitoke kabla sijarudi.

Nishapewa mfuko wangu, nageuka, ndo nkasikia. Kelele ilitoka duka la kwanza, halafu la pili, halafu ikawa mtaa mzima, wauza vyombo, wauza mapazia, mtu apiga sufuria na mwiko, pikipiki zapiga honi, Mhindi mmoja mzee ambaye sijawahi kumuona akitabasamu yuko nje barabarani ameinua mikono miwili. Nilikimbia. Mfuko wa barafu ulikuwa na tundu, wanidondokea mguuni njia nzima.

Nilipofika walikuwa waonyesha marudio. Mpira wa Shakib Al Hasan wa Bangladesh, kausukuma upande wa mguuni, wakakimbia moja. Moja tu. Mwaka mzima na siku nne kungoja, na imekuja kwa mkimbio mmoja wa kutembea, mpira wake wa 138. Kwenye marudio anavua helmeti, atazama juu, aonyesha ile bendera ndogo kwenye helmeti kwa bati lake, na uso wake hauna furaha, ni uso wa mtu aliyetua gunia. Marudio si kitu. Waijua tayari, moyo hauendi mbio. Dukani watu wakumbatiana, yule mama wa leso apigiwa bei ya kutupa, Bhai macho mekundu afuta miwani kwa pindo la leso ya mtu ambayo baadaye ilibidi tuirudishe kwenye rafu hivohivo.

Aliniona mlangoni. Akasema, "Barafu imeyayuka."

Alimaliza na 114. India 289, wametoka watano. Nlinyamaza, manake si siku ya kusema, lakini 289 kwenye uwanja ule nilijua ni chache na nikimtazama Bhai akikata tonge la halwa najua naye ajua.

Jioni tulifunga mlango nusu, wateja hamna, tumebaki mimi na Bhai na kijana mwengine wa stoo. Bangladesh walianza taratibu, Tamim 70, halafu watu wakawa waja mmoja mmoja na hakuna anayeogopa. Shakib kapiga 49 haraka haraka, wakamtoa kwa uamuzi ambao mpaka leo sikuuelewa, na hata hapo hatukupumua, Mushfiqur akarusha mipira nje ya uwanja kama atupa mawe baharini. Adhana ya Maghrib ikaja karibu na mwisho. Walimaliza zimebaki mipira minne. 293. Dhaka ilikuwa kama Idi.

Sikusema "nilikwambia". Nataka hilo lijulikane. Nilikuwa nalo hapa kooni kama mwiba wa tasi, na sikulisema.

Bhai alizima tivi, akachukua kalamu nyeupe ya kuandikia bei, halafu akaitupa akatafuta nyeusi, akaenda kwenye kile kifuniko cha katoni akaandika, akakaa muda amenipa mgongo. Kisha akachukua kofia yake akatoka kwenda kuswali, akaniachia funguo. Nilisogea kutazama. Mistari yote ya mwaka mzima, zaidi ya thelathini, ilikuwa na tarehe na mikimbio peke yake. Huu wa mwisho aliandika 114, halafu pembeni, kwa herufi ndogo sana, aliandika 147. Ile mipira aliyoitumia kuzipata.

Nilishusha shata. Nilipomkuta nje ya msikiti akaniuliza biriani ya kesho ni ya watu wangapi, manake alikuwa ameuahidi mtaa, na mbuzi mmoja kama atatosha.