Jiwe la Ng'iriama

Novemba 1994 nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la saba, nasubiri matokeo. Baba akafunga debe la mchele nyuma ya baiskeli, akaniambia nimpelekee mjomba Ihefu, kule kwenye kinamasi. Ndiyo ilikuwa desturi yetu kila mwaka: mchele unashuka kwa mjomba, kambale wa kukaushwa kwa moshi wanapanda kwetu.

Kwetu ni Usangu, bonde la mpunga mkoani Mbeya, upande wa juu, kandokando ya mfereji unaochukua maji Mto Mbarali. Baba alihamia pale kutoka Njombe miaka ya 1970, akifuata mpunga. Mama alipenda kusimulia kwamba walipofika walikuta kaya tisa tu, na usiku ungesikia fisi mlangoni. Mimi namaliza shule, kitongoji kilikuwa na mashine mbili za kukoboa, vilabu vya pombe, na matanuru ya matofali kila unapogeuka. Walikuja Wabena, Wanyakyusa, Wahehe, Wakinga, Wasukuma na ng'ombe wao. Hakuna aliyekuja kuharibu. Mtu alikuja kwa sababu nduguye alimwandikia kwamba huku kuna maji, akapewa eneo, akachonga majaruba ya mpunga, akachepusha mchirizi wake kutoka mferejini. Mwaka unaofuata naye anamwita mdogo wake.

Nilimkuta mjomba ameketi chini ya mgunga, mitumbwi miwili imepinduliwa, nyavu zimekauka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mchele umeleta, lakini samaki sina."

Nilidhani anatania. Asubuhi yake akanichukua kwa mtumbwi ambao bado ulifaa, akisukuma kwa upondo kwenye njia nyembamba katikati ya matete. Mara kwa mara ilibidi tushuke tuuburute kwenye tope. Alikuwa ananipeleka Ng'iriama.

Asiyepajua Ng'iriama ataona ni mwamba tu. Mito yote ya Usangu, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine, huishia kwenye kinamasi cha Ihefu, na kinamasi kina mlango mmoja tu wa kutokea, pale kwenye mwamba. Maji yakiwa juu ya jiwe, Mto Ruaha Mkuu hutiririka kwenda zake. Yakishuka chini ya jiwe, mto umekatika, hata kama nyuma yake kinamasi bado kina maji. Zamani Ihefu ilishika maji ya masika kama sifongo, ikayaachia taratibu kiangazi chote. Mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya safari yangu, mto ule ulikauka kabisa kiangazi. Wazee niliowauliza hawakuwahi kuona jambo hilo.

Jiwe lilikuwa kavu. Mjomba akashuka, akaweka kiganja kwenye alama nyeupe iliyoachwa na maji, juu kidogo ya goti lake. Chini ya mwamba lilibaki dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, na viboko wamebanana humo, migongo yao imepasuka kwa jua, tope limegandamana juu kama lipu. Pembeni kambale walikuwa wanapumua hewa, midomo juu, wakipindukiana. Harufu ile naikumbuka hadi leo.

"Kwenu maji yapo?" akaniuliza.

"Yapo. Mfereji umejaa."

"Mpunga mmevuna lini?"

"Juni."

"Basi sasa hivi yanafanya nini?"

Sikumjibu. Niliyaona machoni mwangu yakipita usiku kucha kwenye mabua, yakisimama kwenye majaruba matupu, bata wakiogelea, yakivukizwa na jua. Niliona vijana wa matofali wakikanyaga udongo. Kule chini ya jiwe lile mto hupita Hifadhi ya Ruaha, huingia Mtera, hushuka Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Kwa mjomba hayo yote yalikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni kambale.

Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na 2008 eneo lile likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe ndio waliobeba lawama kubwa ya mto kukauka. Wafugaji wengi walikuwa na mifugo mingi kweli, na majani yalikwisha. Lakini mimi niliyekulia kwenye mfereji siwezi kunyamaza wakati lawama yote inawekwa kwenye kwato.

Mwaka ule wa 1994 nilirudi nyumbani bila samaki. Usiku huo nikaenda banioni, pale maji ya mto yanapoingia mferejini, nikateremsha ubao wa mlango wa mfereji wetu. Ulikuwa mzito, nikauning'inia kwa mwili mzima mpaka maji yakageuka kurudi mtoni.

Alfajiri nilisikia kelele. Mama na majirani wamesimama kwenye mfereji, ndoo tupu vichwani. Chini matope na vyura. Kisima hakikuwepo kitongoji kizima. Baba hakunipiga. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Haya, mama yako akachote wapi?" Kisha tukaenda banioni pamoja, yeye akishika upande mmoja wa ubao na mimi mwingine, tukaunyanyua.