Nilivyokinga faili zangu dhidi ya ransomwea bila kununua programu yoyote

Ransomwea ni kirusi kinachofunga faili zako kisha kudai malipo ili uzipate tena. Swichi ya kuikinga, ulinzi wa folda (Controlled folder access), imo ndani ya Windows 10 tangu Oktoba 2017, imo pia kwenye Windows 11, na kote huja ikiwa imezimwa. Sababu naihisi: ukiiwasha, siku za mwanzo inakera, na wengi huizima hapo hapo. Mimi nimekaa nayo. Kuiwasha si kazi, kazi ni kuishi nayo.

Niliyemshuhudia akipata hasara ni jamaa tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja. Faili zake zilikuwa na majina yaleyale, ila mwishoni zimebandikwa herufi zisizo na maana, na kila folda imewekewa ujumbe wa kumtaka alipe kwa bitcoin. Antivairasi yake ilikuwa inafanya kazi na imesasishwa. Hilo ndilo lililonifikirisha. Antivairasi kwa sehemu kubwa hutafuta dalili za ubaya: faili hii inafanana na kirusi kinachojulikana? Inafanya mambo ya kutilia shaka? Kirusi kipya kisicho na dalili hizo kinaweza kupenya. Ulinzi wa folda hauulizi hayo. Ni kama mlinzi wa getini mwenye daftari, asiyejali umevaa suti au matambara: jina lako halimo, huingii. Programu zinazotumiwa na watu wengi na zisizo na historia mbaya, Microsoft imeshaziorodhesha. Zilizobaki unaziruhusu mwenyewe.

Nilifungua sehemu ya Usalama wa Windows, nikaingia kwenye kinga ya virusi, nikashuka hadi chini palipoandikwa kinga dhidi ya ransomwea, nikawasha ulinzi wa folda. Ila kwanza ilibidi niondoe antivairasi ya majaribio iliyokuja na kompyuta, kwa sababu ulinzi huu hufanya kazi pale tu Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inapokuwa ndiyo antivairasi kuu, na ukaguzi wake wa muda wote umewashwa.

Folda za nyaraka, picha, video na muziki zinalindwa zenyewe, na huwezi kuzitoa kwenye orodha. Kazi zangu nyingi lakini ziko kwenye diski D, na huko hakuna kinacholindwa mpaka ukitaje. Nikaongeza folda ya kazi, na folda zilizomo ndani yake zikaingia pamoja nayo.

Kisha nikataka kuona kama inauma kweli. Nikafungua PowerShell, dirisha la kuandikia kompyuta amri, nikaandika amri ya kuunda faili tupu ndani ya folda ya nyaraka. Ikakataliwa, na kwenye kona ya skrini ikatokea arifa kwamba mabadiliko yamezuiwa. PowerShell imo ndani ya Windows yenyewe, lakini kwa kuwa wahalifu wanaipenda sana, ulinzi huu hauiamini.

Kero ilianza nilipofungua programu ndogo ya kuhariri picha. Nikabofya kuhifadhi, ikanijibu kwamba faili haipatikani. Faili ninayo mbele ya macho! Ujumbe wa namna hiyo ndio unaowachosha watu, maana programu haijui kwamba imezuiwa. Inajua tu kwamba imeshindwa kuandika, basi inatunga sababu yake. Michezo ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo, kwa sababu mingi huweka kumbukumbu zake kwenye folda ya nyaraka. Siku hizi programu ikitoa kosa nisilolielewa wakati wa kuhifadhi, naanzia kwenye historia ya ulinzi. Pale panaonyesha jina la programu iliyozuiwa, mahali ilipo kwenye diski, na folda iliyotaka kuigusa.

Hapo ndipo pa kutulia. Ruhusa inakwenda na njia kamili ya faili, yaani mahali programu ilipo kwenye diski, si jina peke yake, kwa hiyo mimi husoma njia kwanza. Ikiwa programu iko ndani ya Program Files na niliisakinisha mimi, naikubali. Ikiwa inatokea kwenye folda ya muda au ya vitu vilivyopakuliwa, jibu langu ni hapana hata jina lake likipendeza namna gani. Kuna mtego mwingine kwa wanaoandika kodi: ukiiruhusu Python, programu inayoendesha skripti (faili za kodi), hujaruhusu skripti yako tu, umeruhusu skripti yoyote itakayoendeshwa na Python hiyo. Mimi sikuiruhusu. Skripti zangu zinaandika kwenye folda isiyolindwa, kisha nahamisha matokeo kwa mkono. Ni usumbufu kidogo, nauvumilia.

Nisiusifu kupita kiasi. Ulinzi huu huzuia kuandika, kubadilisha na kufuta, lakini kusoma hauzuii. Wahalifu wa siku hizi mara nyingi huiba nakala kwanza ndipo wafunge faili, halafu wanatishia kuzianika. Kwa hilo swichi hii haikusaidii. Pia programu za Office zimo kwenye orodha ya wanaoaminika, kwa hiyo makro chafu (amri zilizofichwa) ndani ya hati ya Word inaweza kujipenyeza kwa mgongo wake. Tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zinazotoka kwenye intaneti, nami sigusi kamwe kitufe cha kuondoa kizuizi hicho.

Kwa hiyo nakala rudufu haikwepeki. Ninayo diski ya nje ninayoichomeka wakati wa kunakili tu, kisha naichomoa, maana ransomwea hufunga kila diski inayoifikia. Nakala ambazo Windows hujiwekea ndani ya diski ileile sizitegemei. Virusi vingi huzifuta kabla ya kugusa faili.

Usumbufu uliobaki ni wa masasisho. Baadhi ya programu hujisakinisha kwenye folda yenye namba ya toleo, kwa hiyo zikijisasisha njia inabadilika na ruhusa ya zamani haifanyi kazi tena. Narudi kwenye historia, nasoma njia, naruhusu upya, na ile ya zamani naifuta kwenye orodha.