Kula kwenye bistro ndogo ya Paris bila kubabaika

Bistro, yaani migahawa ya kawaida ya Kifaransa, nyingi zilizo ndogo za Paris zinaendeshwa na watu watatu au wanne: wawili jikoni, mmoja au wawili mbele. Hilo likikukaa kichwani, mengi yanayowaudhi wageni yanajieleza yenyewe. Menyu ni fupi kwa kuwa jiko ni finyu. Mlango unafungwa alasiri kwa kuwa wapishi walewale ndio wanaomenya viazi vya usiku. Na mhudumu haji kila dakika tano kuuliza kama chakula ni kitamu, kwa kuwa ana meza chungu nzima mikononi na, kwa desturi ya huko, kuwakatiza watu wanaokula si adabu.

Anza na saa. Cha mchana hutolewa kuanzia saa sita hadi saa nane, pengine saa nane na nusu. Cha usiku huanza saa moja au moja na nusu, na jiko huacha kupokea oda mnamo saa nne. Mlangoni huandikwa 12h–14h30 na 19h–22h. Ukishikwa na njaa saa tisa alasiri, tafuta mahali palipoandikwa "service continu", yaani huduma isiyokatizwa. Kwingine utapoteza muda tu. Jumapili na Jumatatu nyingi hufungwa, na Agosti baadhi hufunga wiki mbili tatu, wenyewe wameenda likizo. Kwa usiku wa mwisho wa wiki weka nafasi mapema. Ukiambiwa meza ni ya saa moja na nusu lakini inatakiwa tena saa tatu na nusu, ujue kuna zamu mbili. Ukichelewa robo saa bila kupiga simu, usishangae kuikuta ina watu wengine.

Ukiingia, kwanza "bonjour", jioni "bonsoir", ndipo useme mko wangapi. Anayeanza na ombi kabla ya salamu atahudumiwa, ila kwa uso mkavu. Usijichagulie kiti. Kama unakalishwa kwenye benchi la ukutani, mhudumu ataivuta meza mbele upite, kisha atairudisha ilipokuwa. Begi kubwa liache hotelini, maana hapo halina pa kukaa.

Kisha ubao wa chaki wenye menyu. Mchana angalia "formule": kianzio na chakula kikuu, au chakula kikuu na kitindamlo, kwa bei moja iliyo nafuu kuliko kuagiza kimoja kimoja. "Entrée" ni kianzio, "plat" ndicho chakula chenyewe. "Plat du jour" hupikwa kwa kiasi maalumu, kikiisha kinafutwa, kwa hiyo anayefika dakika za mwisho hula kilichobaki. Usiku formule mara nyingi haipo, na bili ya watu wawili inapanda kwa kasi.

Chaki yenyewe haithibitishi kitu. Hata anayepasha moto vya kopo anaweza kununua ubao. Mimi hutazama mambo mawili. La kwanza ni urefu wa orodha: vyakula thelathini kwenye chumba cha meza kumi maana yake ni friza na maikrowevu. La pili ni msimu. Kombe za Saint-Jacques (aina ya chaza wa baharini) huvuliwa pwani ya Ufaransa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 15 Mei, hivyo ukiziona Julai zimegandishwa au zimetoka mbali. Alama ya "fait maison", sufuria yenye paa la nyumba juu yake, ilianza kutumika mwaka 2014. Inamaanisha chakula kimepikwa hapo hapo kutokana na vitu vibichi. Vibichi vilivyogandishwa vinaruhusiwa, kwa hiyo isome kama ahadi ya upishi, si ahadi kwamba samaki amevuliwa asubuhi hiyo.

Sasa steki, ambako wengi huharibu mlo wao wenyewe. Swali "quelle cuisson?" (iiveje?) lina majibu manne. "Bleu" ni nyama iliyobabuliwa nje tu, ndani karibu ya baridi. "Saignant" ni nyekundu katikati, takriban nyuzi joto 50 hadi 53 za Selsiasi. "À point" hufika kama nyuzi 55 hadi 58, na katikati bado ina rangi ya waridi. "Bien cuit" ni kuanzia nyuzi 65. Kosa la kila siku ni kusema "à point" ukitegemea nyama iliyoiva kabisa. Inakuja ikitoa maji mekundu, unairudisha, inakaangwa upya, na mara ya pili inakuja kavu.

Aina ya nyama nayo ina neno lake. "Onglet" na "bavette", steki za upande wa tumbo la ng'ombe, zina nyuzinyama ndefu, nene, na mafuta kidogo. Joto likipita nyuzi 60 hivi, nyuzinyama hizo hujikunja na kukamua maji yake, utatafuna mpaka taya liume. Zikiwa "saignant" ni tamu mno, mradi ukate kukingama nyuzinyama, si kuzifuata. Usipoweza kula nyama yenye wekundu, "entrecôte", steki ya mbavuni yenye mafuta, inavumilia moto zaidi. Bora kuliko hiyo ni kuachana na steki na kuchukua kilichopikwa kwa saa nyingi: shavu la ng'ombe ("joue de bœuf") au paja la bata lililopikwa taratibu ndani ya mafuta yake ("confit de canard"). Hivyo vimeiva hadi mfupani, na hakuna atakayekuuliza swali. "Tartare" ni nyama mbichi iliyokatwakatwa, na mara nyingi huja na kiini cha yai kibichi. Ukiirudisha ili ikaangwe, mpishi atakukumbuka.

Asiyekula nguruwe awe macho, kwa sababu amejificha. Vipande vidogo vya "lardons" vimo kwenye saladi, kwenye dengu, kwenye "quiche lorraine", na kwa kawaida kwenye "bœuf bourguignon" na "coq au vin", ambazo pia zimepikwa kwa mvinyo mwekundu. Kuchemka hakuondoi kileo chote. "Boudin noir" ni soseji ya damu na "andouillette" ni ya utumbo wa nguruwe, harufu yake hufika mezani kabla ya sahani. "Ris de veau" si wali (wali ni "riz") bali ni tezi ya ndama. Uliza "il y a du porc dedans?" (kuna nguruwe ndani?) na "il y a de l'alcool?" (kuna kileo?) kabla ya kuagiza. Usitegemee kuondolewa kitu kwenye mchuzi, maana sufuria hiyo pengine ilipikwa jana. Yai la "œuf mayonnaise", liki za "poireaux vinaigrette" na samaki wa kukaangwa kwa siagi ("meunière") kwa kawaida havina utata. "Beurre blanc", mchuzi wa siagi, ina mvinyo mweupe, na keki ya "baba au rhum" imeloweshwa ramu. Mwenye mzio aombe maandishi ya vizio 14 ambavyo sheria inawataka wavitaje.

Maji: sema "une carafe d'eau", utaletewa ya bomba, bure. Ukisema maji tu, unaweza kufunguliwa chupa ya kulipia. Mkate nao haulipiwi, huwekwa juu ya meza pembeni ya sahani, bila siagi, na kazi yake kubwa ni kufuta mchuzi. Mvinyo wa nyumbani huja kwa "pichet" (jagi dogo) ya sentilita 25 au 50, na kwa watu wawili hutosha kuliko kununua chupa nzima ya 75.

Kitindamlo cha kuokwa kama "fondant" (keki ya chokoleti) au "soufflé" kiagize mwanzoni kama ubao unasema hivyo, kwa kuwa huokwa wewe ukiwa unakula. Kahawa huja baada ya kitindamlo, si pamoja nacho. Ukitaka vyote kwa mpigo kuna "café gourmand", kikombe kidogo na vitamu vitatu hivi.

Bili haiji yenyewe. Kukuletea bila kuombwa ni kama kukufukuza, kwa hiyo utakaa mpaka useme "l'addition, s'il vous plaît". Ada ya huduma imo ndani ya bei. Ukiridhika acha euro moja au mbili, usipoacha hakuna atakayekununia. Ukiona haraka inakuzidi, nenda kaunta ulipe hapo hapo. Na kama sahani imekushinda, omba ufungiwe: tangu tarehe 1 Julai 2021 mteja anayetaka kubeba chakula chake lazima apewe chombo.