Sahani zilikuwa tupu hadi nilipowapa mafuta

Kwa wiki tatu kazi yangu maabarani ilikuwa kutupa sahani tupu za kuoteshea fangasi. Sampuli zilikuwa nzuri, magamba ya mba wa mwilini, ule unaoacha mabaka mepesi kifuani na mgongoni. Kila nilipoyaweka chini ya hadubini fangasi walikuwa tele: viduara vimesongamana kama kichala cha zabibu, na katikati yake vipande vifupi vya nyuzi. Lakini nikipanda magamba hayohayo kwenye agari ya Sabouraud, ule ute mgumu wa kawaida wa kuoteshea fangasi, patupu. Fangasi wa choa niliowapanda siku ileile, kwenye agari ileile, walikuwa tayari wametanda kama pamba.

Nililaumu joto la kabati la kuoteshea, nikalaumu maji, nikailaumu hata mikono yangu. Dada mmoja aliyenitangulia maabarani alinikuta nikihesabu sahani za kutupa, akaniuliza swali moja tu: "Umewapa mafuta?"

Sikuwa nimewapa. Agari ya Sabouraud ni sukari na peptoni, yaani protini iliyokwisha kukatwakatwa, na mimi nilikuwa nimechukulia kwamba fangasi wote wa ngozi hula mezani pamoja. Kumbe sivyo. Fangasi wa choa hula keratini, ile protini ngumu ya ngozi, nywele na kucha. Hutoa salfaiti inayolegeza vifungo vya salfa ndani yake, kisha vimeng'enya vyao vya kukata protini huingia kazini. Wakipewa peptoni, wamepata chakula kilichokwisha kutafunwa. Huyu wa mba, Malassezia, ni hamira, yaani fangasi wa seli mojamoja, na tabia yake ni nyingine kabisa. Jenomu ya Malassezia globosa ilipochapishwa mwaka 2007, ilionekana haina jeni la kimeng'enya kikuu cha kuunda asidi za mafuta. Hawezi kujitengenezea mafuta ya utando wa seli yake mwenyewe, kwa hiyo huyatafuta nje. Ana lipasi kadhaa, vimeng'enya vya kukata mafuta, anazozimwaga juu ya ngozi, zikavunja mafuta yanayotoka kwenye tezi zetu, naye akachukua asidi anazozihitaji. Zinazobaki, asidi ya oleiki ikiwemo, ndizo zinazowasha na kubambua ngozi ya kichwa kwa watu wenye mba. (Ndiyo maana siku hizi nikiona mtu anaukandika mba mafuta ili ulainike, roho huniuma kidogo. Anampakulia.)

Nikachukua mafuta ya zeituni, nikayatia kwenye mashine ya mvuke pamoja na vyombo vingine, nikayatandaza juu ya agari. Siku ya pili sahani zikajaa bakteria. Kosa la kijinga: mvuke haupenyi mafuta, hivyo vijidudu vilivyomo huponea humohumo. Mafuta husafishwa kwa joto kavu, nyuzi 160 kwa saa mbili. Niliporudia hivyo, nikaongeza kloramfenikoli ndani ya agari kuzuia bakteria, nikaweka kabati nyuzi 32, siku ya tano niliona vidoto vya rangi ya maziwa. Nilimwita dada yule kutoka upande wa pili wa chumba kwa sauti isiyofaa maabarani.

Raha haikudumu, maana mafuta yanaelea. Ukiinamisha sahani, makoloni yanahama na kuchanganyikana, huwezi kuchukua moja likiwa peke yake. Hapo nikahamia agari ya Dixon iliyorekebishwa, ambayo mafuta yake yamo ndani: Tween 40 (moja ya kemikali za Tween, zilizoundwa kwa asidi za mafuta na zinazochanganyika na maji), asidi ya oleiki kidogo, na gramu 20 za nyongo kavu ya ng'ombe kwa kila lita. Inanuka. Lakini inatoa makoloni yaliyotengana, nami nilikuwa tayari kuvumilia harufu yoyote.

Kumtambua jina ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu unamuuliza anakula nini. Nilimchanganya na agari ya Sabouraud iliyoyeyushwa ikapoa kiasi, nikaimwaga, ilipoganda nikatoboa vishimo vinne na kutia Tween 20, 40, 60 na 80, kila moja na kishimo chake. M. furfur huota kuzunguka vyote vinne. M. globosa hugoma vyote. Wangu alitanda vizuri kwenye 40, 60 na 80, ila kwenye 20 aliacha pengo na kuota pete hafifu mbali na kishimo. Tone la peroksaidi ya hidrojeni likatoa mapovu, maana yake katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, ipo, kwa hiyo si M. restricta. Agari yenye eskulini, kemikali ya mimea, nayo ikawa nyeusi, ishara kwamba anaivunja. M. sympodialis.

Kwa furaha nikaziweka sahani zote kwenye jokofu, kama nifanyavyo na hamira wengine. Niliporudi kuzichukua, hakuna hata moja iliyoota tena. Nilianza upya kutoka kwenye magamba, na sasa ninazihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.